Kunguru Wamejaa Kolwezi, Tumbusi Wako Wapi?

*Mji wa shaba una ndege wengi wanaookota mabaki. Anayekosekana ni yule anayeumaliza mzoga pamoja na maradhi yake.*

Lori lililosheheni shaba likimgonga mbuzi kwenye barabara ya Kolwezi kwenda Likasi, dereva hasimami. Mwenye mbuzi akiwahi, nyama inakwenda nyumbani. Asipowahi, anayetangulia kufika ni kunguru: mweusi tii, kifua cheupe, na weupe huo umezunguka hadi nyuma ya shingo. Anatua kando, anausogelea mzoga kwa hadhari, anaruka nyuma mara mbili tatu mpaka ajiridhishe kwamba mnyama amekufa kweli. Kisha anaanza na macho.

Baada ya macho ni ulimi, na baada ya ulimi ni sehemu laini za chini ya mkia. Hapo kazi inamshinda, kwa sababu mdomo wake hauna nguvu ya kupasua ngozi ya mbuzi. Atasubiri gari jingine lipite juu ya mzoga na kuufungua, au mbwa waje. Mbwa huja usiku.

Katika savana iliyokamilika kunguru hasubiri mbwa. Anayemfungulia mlango ni tumbusi, ndege mkubwa wa mizoga mwenye shingo ndefu isiyo na manyoya mengi. Savana na misitu ya miombo ya kusini mwa Kongo imo ndani ya makazi ya asili ya tumbusi mgongo-mweupe, tumbusi kichwa-cheupe na tumbusi mdogo wa kofia. Wote watatu wako kwenye orodha ya Shirika la Kimataifa la Uhifadhi wa Mazingira (IUCN) katika daraja la hatari kubwa kabisa, hatua moja tu kabla ya kutoweka porini.

Leo mkazi wa Kolwezi anaweza kumaliza msimu mzima bila kumwona tumbusi hata mmoja juu ya mji, ilhali kunguru yuko kwenye kila paa. Je, kunguru hawa wanaweza kuishika nafasi iliyoachwa wazi? Ushahidi kutoka Kenya, India na kwingineko unajibu kwamba hawawezi. Na kwa jimbo la Lualaba, sehemu ya tatizo inaning'inia juu ya vichwa vyetu, kwenye nyaya za umeme.

Mji uliokua haraka

Kolwezi ulianzishwa mwaka 1937 na kampuni ya Union Minière ili uwe kituo cha migodi ya magharibi ya Katanga. Mwaka 2015, jimbo la Katanga lilipogawanywa, ukawa makao makuu ya jimbo jipya la Lualaba. Tangu hapo haujapumzika. Mwaka 2024 Kongo ilizalisha zaidi ya tani milioni tatu za shaba na kushika nafasi ya pili duniani, na zaidi ya asilimia 70 ya kobalti yote inayochimbwa ulimwenguni hutoka nchini humu. Sehemu kubwa ya mali hiyo hutoka kwenye ardhi inayouzunguka mji huu.

Watu wamefuata kazi, na takataka zimewafuata watu. Masoko ya komini za Dilala na Manika, machinjio madogo, mitaro iliyojaa mabaki ya samaki na matumbo ya kuku: yote hayo ni karamu kwa ndege asiyechagua chakula. Kunguru huyu, ambaye huishi kuanzia ukingo wa Sahara hadi Rasi ya Tumaini Jema, hula nafaka, wadudu, mayai ya ndege wengine, panya, mabaki ya ugali na nyama iliyooza. Jike hutaga mayai manne au matano, huatamia chini ya majuma matatu, na mwaka unaofuata huanza tena.

Mwenzake ni mwewe domo-njano, ambaye huja kuzaliana kuelekea mwisho wa kiangazi na kuondoka mvua zinapokaribia kwisha. Kwenye ufuko wa Ziwa Nzilo, mwewe na kunguru huzunguka juu ya mitumbwi inayorudi, wakinyang'anyana matumbo ya samaki yanayotupwa. Mwanamke anayeanika samaki pale hana simulizi nzuri juu yao: ukigeuza kichwa, samaki wako amekwenda. Malalamiko hayo ni ya haki. Hata hivyo, kila utumbo ulioondolewa ufukoni ni chakula kilichopungua kwa nzi.

Kazi ya mzoga mmoja

Tumbusi hafanani na kunguru kwa lolote ila kula wafu. Kunguru ni mwenye kuokoteza. Tumbusi maisha yake yote yametengenezwa kwa ajili ya mzoga tu.

Kwanza ni macho. Tumbusi wa Afrika hawatafuti kwa pua. Asubuhi husubiri jua lipashe ardhi, kisha hupanda na hewa moto inayoinuka na kukaa juu saa nyingi karibu bila kupiga mbawa. Kila mmoja huangalia ardhi, na pia huwaangalia wenzake walio mbali. Mmoja akishuka, jirani yake anamwona na kugeuza njia, na jirani wa jirani vivyo hivyo, hata anga ya kilomita nyingi ikamiminika mahali pamoja. Novemba 1973, tumbusi wa aina ya Rüppell aligongana na ndege ya abiria juu ya Abidjan kwenye kimo cha zaidi ya mita 11,000. Hakuna ndege mwingine aliyethibitishwa kuruka juu kiasi hicho.

Pili ni mgawanyo wa kazi. Tumbusi mkubwa kabisa, mwenye ngozi nyekundu iliyokunjamana kichwani, ana mdomo unaopasua ngozi ya nyati. Tumbusi mgongo-mweupe huja kwa makumi, na shingo yao ndefu huingia ndani ya mzoga hadi kwenye maini na mapafu. Yule mdogo wa kofia, mwenye mdomo mwembamba, hukaa pembeni na kusafisha vipande kati ya mifupa. Kundi kubwa linaweza kumaliza swala kwa chini ya saa moja.

Tatu ni tumbo. Asidi ya tumbo la tumbusi ni kali kuliko ya mnyama mla nyama wa kawaida, na vijidudu vingi vinavyoingia na nyama iliyooza havifiki upande wa pili. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 juu ya tumbusi wa bara la Amerika ulikuta aina 528 za bakteria kwa wastani kwenye ngozi ya uso wa ndege hao, lakini utumboni zilibaki 76 tu. Zilizobaki ni za makundi ambayo kwetu sisi ni sumu, na ndege anaishi nazo salama.

> Uso wa tumbusi una aina 528 za bakteria. Utumbo wake umebakiwa na 76.

Hata kile kinachowakirihi watu kina sababu. Tumbusi wa bara la Amerika, na pia korongo marabu, hujinyea miguuni, na maji ya kinyesi hicho yakikauka huwapoza joto la mchana. Weupe tunaouona kwenye miguu ya marabu si rangi ya ngozi yake.

Gharama ya mwili huu ni uzazi. Tumbusi hutaga yai moja. Wazazi huatamia kwa takribani miezi miwili, hulisha kinda kwa miezi minne mingine, na kinda huyo hatazaa mpaka afikishe miaka mitano au sita. Ukiua kunguru mia, baada ya miaka michache pengo halionekani. Ukiua tumbusi mia, mjukuu wako ndiye atakayeona kama wamerudi.

Mizoga ya Laikipia

Kwamba tumbusi husafisha mazingira kila mtu hukubali kwa mdomo. Mtafiti Darcy Ogada na wenzake walilipima jambo hilo huko Laikipia, Kenya, na matokeo yao yalitoka mwaka 2012. Waliweka mizoga, wakalinganisha mahali tumbusi walipofika na mahali wasipofika.

Bila tumbusi, mzoga ulichukua muda wa karibu mara tatu kuoza na kuisha. Idadi ya wanyama waliokuja kula, kama fisi na mbweha, iliongezeka mara tatu. Muda waliokaa pale nao ulikua karibu mara tatu, na waligusana wao kwa wao mara nyingi zaidi. Kwa daktari wa mifugo takwimu hii inatisha kuliko harufu yoyote: mzoga unaokaa muda mrefu ni mahali wanyama wa kila aina hukutana, hupigana, hung'atana na kuambukizana.

Hapa Kolwezi mnyama atakayeufuata mzoga hatakuwa fisi. Atakuwa mbwa, anayelala uani kwa mtu na kucheza na watoto. Kichaa cha mbwa huua watu wapatao 59,000 duniani kila mwaka, karibu wote kwa meno ya mbwa, na Kongo ni miongoni mwa nchi ambako ugonjwa huo haujawahi kuondoka.

India walilipia somo hili kwa maisha ya watu. Kuanzia miaka ya 1990 tumbusi wao walikufa hadi aina moja ikapungua kwa zaidi ya asilimia 99. Mwaka 2004 wanasayansi walimbaini mhalifu: diklofenaki, dawa ya maumivu waliyopewa ng'ombe. Ng'ombe akifa na dawa mwilini, tumbusi aliyemla hufa kwa figo kushindwa kazi. Dawa hiyo ilipigwa marufuku kwa mifugo mwaka 2006, lakini mizoga ilikwisha lundikana na mbwa wakaongezeka. Wanauchumi Eyal Frank na Anant Sudarshan, katika utafiti wa mwaka 2024, walikadiria kwamba kati ya 2000 na 2005 kutoweka kwa tumbusi kulisababisha vifo vya watu takribani nusu milioni zaidi ya vile ambavyo vingetokea.

Diklofenaki hiyo hiyo, ambayo wengi huiita diclo, inauzwa kwenye maduka ya dawa kote Kongo kwa ajili ya mgongo na magoti ya binadamu. Ikitumiwa na binadamu haimdhuru tumbusi. Hatari inaanza siku mfugaji wa nyanda za juu za Biano, kati ya Kolwezi na hifadhi ya Upemba, atakapomchoma nayo ng'ombe mgonjwa. Meloksikamu ipo, hutibu maumivu yale yale, na haimdhuru ndege. Daktari wa mifugo anayejua tofauti hii afaa kuisema kila anapokutana na wafugaji.

Sifa asizostahili

Wanaompenda tumbusi, nami nikiwa mmoja wao, tusimvike kila taji. Mfano ni kimeta. Aprili 2025, viboko wasiopungua 50 walikufa kwa kimeta katika hifadhi ya Virunga, wengine wakielea kwenye maji ya mto Ishasha kuelekea Ziwa Edward. Ni rahisi kuandika kwamba tumbusi wangelimaliza tatizo.

Mambo si mepesi hivyo. Tumbusi hula mzoga wa kimeta bila kuugua, lakini mdomo wake hufungua mwili, damu hukutana na hewa, na ni hewani ambako kijidudu cha kimeta hujifunga katika mbegu yake ngumu inayodumu miaka mingi ardhini. Majaribio ya Etosha, Namibia, ambako mizoga ya kimeta ilizungushiwa uzio ili walaji wasiifikie, hayakuonesha tofauti kubwa katika mbegu hizo. Wako wataalamu wanaoonya kwamba ndege aliyetoka kula na kwenda kuoga kisimani hubeba uchafu kwa manyoya. Kwa kimeta, kufukia au kuchoma mzoga bado ni kazi ya binadamu.

Ukweli huu haumpunguzii tumbusi nafasi yake. Unatuambia tu ni kazi gani hasa anayoifanya: kufupisha muda ambao mzoga unabaki wazi, na kuwanyima mbwa, panya na nzi chakula.

Wanaomuua

Mwaka 2016 Ogada na watafiti wengine walikusanya kumbukumbu za vifo vya tumbusi kutoka nchi nyingi za Afrika. Asilimia 61 walikufa kwa sumu, asilimia 29 waliuawa kwa ajili ya biashara ya dawa za jadi, na asilimia 9 waliuawa na nyaya na nguzo za umeme. Kwa wastani, idadi ya tumbusi wa Afrika ilikuwa imeshuka kwa asilimia 62 ndani ya miongo mitatu.

Sumu huja kwa njia mbili. Ya kwanza ni mfugaji aliyepoteza ndama kwa fisi au simba, akapaka dawa ya wadudu kwenye mzoga ili kulipiza. Hakumlenga ndege, lakini ndege ndiye anayekufa kwa wingi. Ya pili ni ya makusudi. Jangili akiua tembo anajua kwamba tumbusi wakizunguka angani, askari wa hifadhi watausoma mzunguko huo na kufika. Hivyo hutia sumu mzoga ili kuwaua mashahidi. Juni 2019, kaskazini mwa Botswana, mizoga mitatu ya tembo iliyotiwa sumu iliua tumbusi 537.

> Mizoga mitatu ya tembo, tumbusi 537. Jangili anaua mashahidi kabla hawajamwita askari.

Biashara ya dawa za jadi ni upande mwingine, na inataka kusikilizwa kabla ya kulaumiwa. Mganga anayetumia kichwa cha tumbusi anaamini kwamba ndege anayeuona mzoga kutoka mbali vile ana uwezo wa kuona yaliyofichika, na kwamba uwezo huo unaweza kuhamia kwa mteja. Imani hiyo imekaa katika nchi nyingi za Afrika, magharibi hadi kusini, na mteja wake si mzee wa kijijini tu: ni mfanyabiashara, mcheza kamari, mwanasiasa kabla ya uchaguzi. Kinachonitia hofu ni hesabu. Zamani mganga alimtafuta tumbusi mmoja katika anga iliyojaa. Leo soko la mji linaagiza kwa wingi ndege anayezaa kinda mmoja kwa mwaka, na si kila mwaka. Tena ndege aliyekufa kwa sumu akiuzwa sokoni, sumu inakwenda na kichwa hadi kwa mteja.

Waya

Turudi kwenye ile asilimia 9, kwa sababu kwa Lualaba nadhani hiyo ndiyo namba ya kutazama.

Kolwezi ni mwisho wa safari ya mojawapo ya njia ndefu kabisa za umeme barani. Waya wa Inga hadi Kolwezi, wenye urefu wa karibu kilomita 1,700, ulianza kazi mwaka 1982 ili kuleta umeme wa mto Kongo kwenye migodi ya shaba, ukipita juu ya vijiji vingi ambavyo hadi leo vinawasha vibatari. Karibu na mji kuna umeme wa mto Lualaba wenyewe: bwawa la Nzilo la mwaka 1952, ambalo zamani liliitwa Delcommune na ndilo lililozaa ziwa, na Nseke la mwaka 1956. Kutoka hapo nyaya hutawanyika kwenda migodini, viwandani na mitaani.

Ndege na waya wana uhusiano wa aina mbili. Nyaya kubwa za msongo wa juu zimeachana sana. Ndege hafi kwa kugusa mbili pamoja, bali kwa kuzigonga akiruka huku macho yakitazama chini. Zinazochoma ni zile za kati, za nguzo fupi zinazopeleka umeme kwenye kituo cha pampu au kwenye transfoma ya mtaa. Pale nyaya ziko karibu na chuma cha nguzo. Kunguru mwenye urefu wa nusu mita anakaa katikati bila madhara. Tumbusi akitua hapo na kufungua mbawa, ncha moja hugusa waya na nyingine chuma, na anakufa papo hapo.

Kule Sudan kulikuwa na njia ndogo ya umeme karibu na Port Sudan, ya kilomita zipatazo 31, iliyojengwa miaka ya 1950. Kwa miongo kadhaa iliendelea kuua tumbusi wa Misri waliokuja kutoka mbali katika safari zao za kila mwaka, mamia kwa makadirio ya watafiti na pengine zaidi. Mwaka 2014 ilizimwa na nafasi yake ikachukuliwa na waya uliofunikwa. Kilomita 31 hazifiki hata njia ya kutoka Kolwezi hadi mgodi ulio mbali kidogo.

Waya huo huo humpa kunguru kiota. Watafiti wa Afrika Kusini walionesha mwaka 2016 kwamba kunguru wa aina hii hii wameongezeka kusini-magharibi mwa nchi hiyo kufuata nguzo za umeme, ambazo huwapa mahali pa kujenga juu katika nchi isiyo na miti mirefu. Lualaba miti ilikuwepo. Sasa miombo inakatwa kwa ajili ya makaa na machimbo, na nguzo zinasimama mahali pake.

> Nguzo ile ile inamjengea kunguru kiota na kumchoma tumbusi.

Hapa pande mbili zinagongana kwa haki. Ni takribani Mkongomani mmoja kati ya watano tu anayepata umeme, na mama anayejifungua kwa mwanga wa simu hawezi kuambiwa asubiri kwa sababu ya ndege. Mhandisi ana bajeti, na bajeti hiyo inahesabu nguzo, nyaya na transfoma, si mbawa. Upande wa pili unasema kwamba kofia ya plastiki juu ya waya, au kuning'iniza vikombe vinavyoshikilia waya chini ya mkono wa nguzo badala ya juu yake, ni gharama ndogo wakati wa ujenzi na gharama kubwa baadaye. Afrika Kusini, shirika la umeme Eskom na shirika la uhifadhi la Endangered Wildlife Trust wamefanya kazi hii pamoja tangu 1996. Nguzo zao bado zinaua ndege, lakini wanajua ni zipi, na huzirekebisha.

Zanzibar walijaribu kunguru

Atakayesema kwamba kunguru wanatosha, aulize pwani. Miaka ya 1890 kunguru wa India waliletwa Zanzibar wasaidie kuondoa takataka. Walizaana, wakavuka hadi bara, wakaenea Dar es Salaam, Mombasa na Malindi. Wakala mayai na makinda ya ndege wa mitini, wakanyakua vifaranga vya kuku, na kunguru wa kienyeji mwenye kifua cheupe, ndugu wa huyu wa Kolwezi, akasukumwa nje ya miji yake ya asili. Takataka hazikwisha. Mwaka 2024 Kenya ilitangaza mpango wa kuwaua kunguru hao milioni moja kwa sumu maalumu.

Kunguru wa Kolwezi si mgeni. Ni mwenyeji na hana hatia. Lakini ndege anayeishi kwa takataka huongezeka kadiri takataka zinavyoongezeka, na hazipunguzi kufikia kiwango cha usafi. Vivyo hivyo marabu wa Kampala, ambao wamekaa kwenye miti ya mji huo kwa miongo mingi wakila kutoka jalalani. Wanasaidia, na watu wamewazoea. Hata hivyo, ukusanyaji wa taka haujawahi kuwa kazi ya ndege, na Kolwezi usitegemee jambo hilo kutoka kwa kunguru wake.

Nzilo na samaki waliokufa

Liko suala la mwisho, nalo linamgusa kila mla mizoga wa ziwa, kuanzia mwewe hadi furukombe, ambaye pamoja na sifa zake za uvuvi hamwachi samaki aliyekwisha kufa.

Februari 2025, ng'ambo ya mpaka, ukuta wa bwawa la mabaki ya mgodi wa Sino-Metals huko Chambishi, Zambia, ulibomoka na maji yenye asidi yakaingia mto Mwambashi hadi Kafue. Samaki walikufa kwa wingi na kuelea. Kila samaki wa namna hiyo ni chakula kilichoandaliwa kwa ndege wa mizoga.

Upande wetu, watafiti walipima shaba, kobalti, risasi na metali nyingine katika samaki na viumbe vya bonde la juu la Lufira, ambako mito hupita penye viwanda vya Likasi, na kuchapisha matokeo mwaka 2010. Profesa Célestin Banza Lubaba Nkulu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, pamoja na wenzake wa Leuven, Ubelgiji, walipima mkojo na damu za wakazi wa Kasulo, mtaa wa Kolwezi ambako watu walichimba kobalti chini ya nyumba zao, na kukuta kiwango kikubwa cha kobalti, hasa kwa watoto. Samaki wamepimwa. Watu wamepimwa. Ndege anayekaa mwisho wa mnyororo huo, akila kila kilichokufa ndani ya maji na kando ya maji, ni kipimo kinachoruka bure juu ya ziwa. Unyoya mmoja ulioanguka chini ya kiota unatosha kwa maabara kusoma metali zilizopita mwilini mwake, bila kumuua.

Sheria ya madini ya Kongo, iliyorekebishwa Machi 2018, inaitaka kila kampuni ifanye tathmini ya athari za mazingira na jamii kabla ya kuchimba. Vumbi hupimwa, maji hupimwa, kelele hupimwa. Kongo pia ni mwanachama wa Mkataba wa Spishi Zinazohama, ambao mwaka 2017 ulipitisha mpango wa pamoja wa kuwaokoa tumbusi wa Afrika, Ulaya na Asia. Sioni sababu ya karatasi hizi mbili kutosomwa kwenye meza moja pale jimboni.

Mahali pa kuanzia papo. Mto Lualaba ukitoka Nzilo hupenya korongo la milima ya Mitumba na kushuka hadi kwenye mabonde ya Upemba. Hifadhi ya Upemba iliundwa mwaka 1939. Vita na ujangili viliikomba, lakini bado ina tembo, na ndiyo yenye pundamilia wa mwisho wa nchi hii. Tangu 2017 taasisi ya taifa ya uhifadhi, ICCN, inaiendesha kwa ubia na shirika la Forgotten Parks. Wanyama wakirudi, mizoga itarudi, na tumbusi huja wenyewe palipo na mzoga. Hawahitaji kubebwa kwa lori. Wanachohitaji ni mzoga usio na sumu na njia ya angani isiyo na mtego.

Njia hiyo ya angani inachorwa sasa hivi. Reli ya Lobito inafufuliwa kutoka pwani ya Angola hadi Kolwezi, na iko mipango ya kuleta umeme wa Angola kwenye migodi ya Lualaba kwa nyaya mpya. Michoro ya nguzo ikiwa bado mezani, mhandisi anaweza kuamua nafasi kati ya waya na waya, na kati ya waya na chuma. Tumbusi mgongo-mweupe akifungua mbawa zake, kutoka ncha hadi ncha ni mita 2.2.